Pumzi Hutangulia, Mfupa Hufuata

Maswali ya kawaida kuhusu yanayotokea mwilini mtu anapoanza mazoezi ya kukimbia

Kila mwaka Kilimanjaro Marathon inapokaribia, barabara za Moshi, Arusha na Dar es Salaam hujaa watu alfajiri. Vikundi vya jogging hupita na nyimbo za mchakamchaka, na miongoni mwao hawakosekani wageni walioanza mwezi huo huo. Wiki tatu za kwanza mgeni hulalamikia pumzi. Wiki ya nne pumzi inafunguka, naye kwa furaha anaongeza kilomita. Wiki ya sita au ya saba anachechemea, mkono uko kwenye muundi, anashangaa amekosea wapi, maana kifuani hahisi uchovu wowote.

Alichokosea ni kudhani kwamba mwili hubadilika wote kwa pamoja. Damu hubadilika kwa siku, misuli kwa wiki, mifupa na kano kwa miezi. Majeraha mengi ya wanaoanza hutokea katika pengo hilo, pale pumzi inapokuwa tayari na mguu bado. Majibu yafuatayo yanamlenga mtu mzima mwenye afya ya kawaida anayekimbia. Anayetembea kwa kasi, anayeendesha baiskeli au anayeogelea naye atapata mengi ya kumfaa.

Siku za kwanza nakatika pumzi baada ya dakika mbili tu. Je, mapafu yangu ni mabovu?

Kwa mtu asiye na pumu, kifua kikuu au ugonjwa mwingine wa kifua, mapafu huwa na akiba kubwa. Hata unapohema kwa nguvu, damu inayotoka kwenye mapafu yako imejaa oksijeni karibu kiasi chake chote. Kinachokwama ni safari inayofuata: moyo kuisukuma damu hiyo, na misuli kuitumia oksijeni inapofika.

Moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma takriban lita 5 za damu kwa dakika. Akijitahidi kwa nguvu zake zote, asiye na mazoezi hufikia lita 20 hivi, ilhali wakimbiaji wa kiwango cha juu huvuka 30. Tofauti hiyo haitokani na ukubwa wa mapafu, kwani mapafu yenyewe hayabadiliki sana kwa mazoezi. Misuli ya kupumulia ndiyo huimarika, na kazi ya kuhema haichoshi kama mwanzo.

Sababu ya pili ya kukatika pumzi ni kasi. Wengi huanza kwa mwendo wasiouweza. Misuli inapozidiwa, hewa ya ukaa huongezeka kwenye damu, na ubongo huamuru uheme haraka ili uitoe. Kipimo chepesi kisichohitaji saa wala mashine ni mdomo wako: kama huwezi kutamka sentensi nzima bila kukatika, punguza mwendo. Ikibidi, kimbia dakika moja na kutembea mbili. Huko si kushindwa, ni mahali pazuri pa kuanzia.

Mbona wiki ya pili tayari naona nafuu? Ni kitu gani kimebadilika haraka hivyo?

Ni damu. Sehemu ya majimaji ya damu, yaani plazima, huanza kuongezeka ndani ya siku chache tu za mazoezi. Figo hubakiza chumvi na maji mengi zaidi, na protini huongezeka ndani ya damu ili kuyashikilia maji hayo yasitoke kwenye mishipa. Katika wiki mbili za mwanzo plazima inaweza kuongezeka kwa asilimia 10 au zaidi.

Damu ikiwa nyingi, moyo hujaa vizuri zaidi kabla ya kila pigo, na pigo moja husukuma kiasi kikubwa kuliko awali. Kwa hiyo barabara ile ile, kwa mwendo ule ule, mapigo yanapungua. Nafuu unayoisikia ni ya kweli. Ila ujue ni nafuu ya upande mmoja: mguu haujapata hata robo ya mabadiliko hayo.

Kuna jambo moja la kuangalia hapa. Kwa kuwa maji ya damu huongezeka kabla ya chembe nyekundu, ukipima kiwango cha chembe nyekundu kwenye damu katika wiki hizo namba inaweza kushuka kidogo. Chembe hazijapungua, zimechanganyika tu na maji mengi. Hata hivyo usijitibu kwa maelezo hayo. Upungufu halisi wa damu ni wa kawaida katika nchi zetu kwa sababu ya malaria, minyoo, na kwa wanawake hedhi na ujauzito. Mtu anayefanya mazoezi lakini uchovu unazidi kila wiki, anahema akipanda ngazi, na viganja na ndani ya kope zake ni vyeupe, aende kupimwa. Maini, nyama, dagaa, maharage na mboga za majani huongeza madini ya chuma. Chai iliyonywewa pamoja na chakula huzuia sehemu ya madini hayo yasiingie mwilini, basi iache hadi saa moja au mbili baada ya kula.

Nasikia moyo wa mwanariadha hupanuka. Je, huo si ugonjwa?

Moyo wa anayefanya mazoezi marefu kwa miezi na miaka hupanuka kweli, hasa chumba cha chini upande wa kushoto kinachosukuma damu kwenda mwilini. Lakini chumba hicho hupanuka kikiwa laini, kinajaa vizuri na kujikamua vizuri. Moyo ulioumizwa na shinikizo la juu la damu huenda njia nyingine: ukuta wake hunenepa na kukakamaa, ukashindwa kujaa inavyopaswa.

Matokeo yake unaweza kuyapima mwenyewe asubuhi kabla hujainuka kitandani. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, hesabu mapigo kwa dakika moja. Mtu mzima aliyetulia huwa na mapigo 60 hadi 100. Tuseme moyo wako unapiga mara 70 na kila pigo linatoa mililita 70: hizo ni karibu lita 5. Miezi kadhaa baadaye, pigo moja likitoa mililita 100, mapigo 50 yanatosha kwa kazi ile ile. Ndiyo maana wakimbiaji wazoefu huonekana na mapigo ya 40 na kitu bila kuumwa. Mapigo ya chini yanayoambatana na kizunguzungu au kuzirai ni habari nyingine, na hayo yanahitaji daktari.

Kinachoshangaza wengi ni kwamba kiwango cha juu kabisa cha mapigo hakipandi kwa mazoezi. Hupungua polepole kadiri umri unavyosonga, kwa aliyezoea na asiyezoea. Kanuni ya 220 kutoa umri ni makadirio tu, na kwa mtu mmoja mmoja inaweza kukosea kwa mapigo zaidi ya 10 juu au chini. Usiilazimishe saa ya mkononi ifikie namba hiyo.

Ndani ya misuli kunatokea nini?

Hapa ndipo kazi kubwa ya mwezi wa pili na wa tatu inapofanyika. Kila seli ya msuli ina vijitanuri vidogo viitwavyo mitokondria, ambavyo huchoma sukari na mafuta kwa kutumia oksijeni na kutoa nishati. Mwaka 1967 mtafiti John Holloszy wa Marekani alichapisha matokeo ya panya aliowakimbizisha kwenye mashine kwa wiki 12. Uwezo wa mitokondria wa kutumia oksijeni katika misuli yao ulikuwa umeongezeka takriban mara mbili. Tangu hapo jambo hilo limeonekana kwa binadamu pia: msuli unaolazimishwa kufanya kazi ndefu mara kwa mara hujiongezea vijitanuri.

Mishipa midogo kabisa ya damu, iitwayo kapilari, nayo huongezeka kuzunguka nyuzi za msuli. Mwaka 1977 watafiti Per Andersen na Jan Henriksson walionyesha ongezeko la asilimia 20 hivi baada ya wiki 8 za mazoezi. Oksijeni inapata njia nyingi zaidi na fupi zaidi, na taka zinaondolewa upesi.

Mabadiliko haya mawili hugeuza pia namna unavyotumia mafuta na wanga. Wanga uliohifadhiwa mwilini ni mchache: gramu 400 hadi 500 hivi kwenye misuli, na takriban 100 kwenye ini. Mafuta, hata kwa mtu mwembamba, yanatosha kwa siku nyingi. Asiye na mazoezi huula wanga wake haraka. Aliyezoea huchoma mafuta zaidi katika mwendo wa wastani na kuuhifadhi wanga kwa ajili ya mlima na kilomita za mwisho. Ndiyo sababu katika marathon, yenye kilomita 42.195, wengi huishiwa nguvu ghafla baada ya kilomita ya 30. Wanga umekwisha, na mafuta peke yake hayawezi kuendesha kasi waliyoanza nayo. Ugali, wali, viazi vitamu na ndizi si adui wa mkimbiaji.

Kesho yake mapaja yanauma hadi kushuka ngazi ni kazi. Je, ni asidi imebaki?

Hapana. Asidi ya laktiki imesingiziwa mengi. Misuli huitengeneza kila siku, na kwa wingi zaidi unapokwenda kasi. Baada ya kukimbia huondoka kwenye damu ndani ya saa moja au zaidi kidogo, na sehemu kubwa haitupwi, kwani moyo na misuli mingine huitumia kama nishati. Kitu kilichoondoka jana jioni hakiwezi kukuumiza leo.

Maumivu ya kesho na kesho kutwa hutokana na michubuko midogo sana ndani ya nyuzi za msuli na mwitikio wa mwili unapoirekebisha. Kushuka mlima huyaleta zaidi, kwa kuwa msuli hufanya kazi ya kujizuia huku ukivutwa. Huwa makali kati ya saa 24 na 72, kisha hupoa. Ukirudia zoezi lile lile wiki inayofuata, maumivu huwa madogo kwa sababu msuli umeshajipanga. Kutembea na mwendo mwepesi vinaruhusiwa. Kumeza dawa za maumivu ili ukimbie tena kwa nguvu hakufai, kwani kunazima king'ora unachokihitaji.

Wiki ya sita muundi unauma, na pumzi iko sawa. Kwa nini?

Mfupa ni kitu hai, unaobomolewa na kujengwa upya maisha yote. Unapoanza kuupa mzigo mpya, hatua ya kwanza haiwi kuongeza, huwa kuondoa. Seli maalumu huchimba sehemu zilizochoka, kisha seli nyingine huja kujaza mfupa mpya, ambao nao huhitaji muda wa kukomaa. Mafundi wa barabara hufanya vivyo hivyo: hung'oa lami mbovu kabla ya kumwaga mpya, na katikati ya kazi hiyo barabara haiwezi kubeba malori kama zamani. Mzunguko mmoja wa ukarabati huu wa mfupa huchukua miezi 3 hadi 4.

Sasa weka kalenda mbili pamoja. Katika wiki ya nne hadi ya nane damu imeshaongezeka, moyo unafanya kazi kwa raha, misuli inaanza kupata mitokondria mpya. Mtu anajisikia mwepesi. Wakati huo huo mfupa wa muundi uko katikati ya ukarabati, na uimara wake umepungua kidogo. Akiongeza kilomita kwa kusikiliza pumzi, anaupakia mfupa mzigo siku ambazo hauuwezi. Mwenda pole hajikwai, na hapa upole una sababu ya kibaiolojia.

Kano nazo ni za polepole. Kano ya kisigino, inayounganisha shavu la mguu na kisigino, hupata damu kidogo kuliko msuli, na hujiimarisha kwa miezi. Maumivu yake huanza kama ukakamavu wa asubuhi unaotoweka ukishatembea kidogo. Usiupuuze kwa sababu unatoweka.

Kwenye muundi, tofautisha maumivu ya aina mbili. Yakiwa yamesambaa kwenye urefu wa mfupa upande wa ndani, na yanapungua mwili ukipata joto, kwa kawaida ni mzigo uliozidi. Punguza mwendo na umbali kwa wiki mbili au tatu, badilisha siku kadhaa kwa baiskeli au kuogelea. Yakiwa kwenye pointi moja unayoweza kuionyesha kwa kidole, yanazidi kadiri unavyokimbia, au yanakuamsha usiku, yawezekana mfupa umepata ufa mdogo. Acha kukimbia, nenda hospitali. Picha ya eksirei ya wiki za mwanzo inaweza isionyeshe ufa huo, kwa hiyo jibu la kwamba mfupa mzima halitoshi kama maumivu yanaendelea.

Basi niongeze umbali kwa kiasi gani?

Hakuna asilimia moja inayomfaa kila mtu, ila misingi michache inafanya kazi. Ongeza muda wa kukimbia kwanza, kasi baadaye. Usiongeze vyote viwili wiki moja. Baada ya kila wiki tatu, weka wiki nyepesi yenye kama theluthi mbili ya kazi ya wiki iliyotangulia. Jihadhari na siku moja iliyozidi zote, kama Jumapili ya kilomita 20 wakati hujawahi kuvuka 10, kwani mfupa na kano huumizwa zaidi na mruko wa ghafla. Mara mbili kwa wiki fanya mazoezi ya nguvu: kuchuchumaa, kupanda ngazi, kuinuka kwa vidole vya miguu ukiwa umesimama kwa mguu mmoja. Hayo huifundisha kano na mfupa kubeba mzigo.

Aliyekaa miaka bila mazoezi na anaota mbio za kilomita 21 ajipe miezi sita. Miezi miwili itampa pumzi, lakini miguu bado itakuwa ya miezi miwili.

Mwili hujengwa nikiwa nakimbia au nikiwa nimelala?

Kukimbia hutoa amri, na ujenzi hufanyika ukiwa umepumzika. Ukimaliza kukimbia unakuwa dhaifu kuliko ulipoanza: wanga umepungua, nyuzi zimechubuka, maji yametoka. Nguvu mpya hutokea katika saa na siku zinazofuata, kama umekula na umelala. Mtu anayekimbia kwa nguvu kila siku hutoa amri juu ya amri bila kuwapa wajenzi nafasi.

Wakimbiaji wa kimataifa wanalijua hilo kuliko sisi. Mazoezi yao yakichunguzwa, takriban sehemu nne kati ya tano huwa ya mwendo mwepesi, ule wa kuzungumza. Siku ngumu ni chache, nazo ni ngumu kweli. Anayeanza hufanya kinyume: kila siku anakwenda kwa kasi ya katikati, nzito mno kumpumzisha na nyepesi mno kumjenga.

Dalili za kuzidiwa ni mapigo ya asubuhi yaliyopanda kwa siku kadhaa mfululizo, usingizi wa mang'amung'amu, hasira zisizo na sababu, mafua yasiyoisha, na kasi inayoshuka ingawa juhudi imeongezeka. Dawa yake ni siku za mapumziko na chakula cha kutosha. Kwa wanawake, hedhi kukoma au kuruka miezi ni ishara kwamba chakula hakilingani na kazi, na mifupa iko hatarini. Kocha akikwambia ni kawaida ya wanariadha, usimkubalie.

Wanaotoka nyanda za juu wana siri gani?

Iten nchini Kenya iko takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na nyanda za Mbulu na Arusha zimetoa wakimbiaji wengi wa Tanzania. Huko juu hewa ni nyepesi, na kila pumzi huingiza oksijeni pungufu. Figo huhisi upungufu huo na kumwaga homoni ya erithropoetini, inayoamuru uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu zaidi. Wiki kadhaa baadaye damu inaweza kubeba oksijeni nyingi kuliko mwanzo. Ukishuka pwani, faida hiyo hufifia ndani ya wiki chache.

Hata hivyo mwinuko haujitoshelezi. Dunia ina milima mingi isiyotoa mabingwa. Utoto wa kutembea na kukimbia, miili myepesi yenye miguu miembamba, kambi ambamo kijana hukimbia na bora kuliko yeye, na miaka mingi ya kazi, vyote vina sehemu yake. Mtanzania Alphonce Simbu alimaliza wa 5 katika marathon ya Olimpiki ya Rio 2016, akapata shaba ya dunia London mwaka 2017, na dhahabu ya dunia ikaja Tokyo mwaka 2025, aliposhinda kwa saa 2:09:48 baada ya kukimbizana na mpinzani hadi kwenye utepe. Kati ya shaba na dhahabu ilipita miaka minane.

Mimi niko pwani, joto kali. Je, najiumiza?

Joto nalo ni mwalimu, ukiliendea taratibu. Kwa siku 7 hadi 14 za mazoezi katika joto, mwili hujifunza kutoa jasho mapema zaidi na kwa wingi zaidi, na jasho hilo huwa na chumvi kidogo. Plazima huongezeka, mapigo hushuka. Mtu anayetoka Mbeya au Nairobi kuja kukimbia Dar es Salaam au Mombasa ajipe wiki mbili kabla ya kudai kasi yake ya kawaida. Siku zenye unyevu mwingi jasho hudondoka bila kukauka, na lisipokauka halipozi mwili. Siku hizo punguza kasi, kimbia alfajiri.

Kuvaa koti zito au nailoni ili kupungua tumbo ni upotofu wa hatari. Uzito unaoondoka ni maji, na hurudi ukinywa. Mafuta huondoka kwa kazi ya misuli na kwa kiasi unachokula. Koti hukuongezea tu uwezekano wa kuzidiwa na joto. Ukiona mwenzako amechanganyikiwa, anayumba na mwili unawaka, msimamishe, mpeleke kivulini, mmwagie maji ya baridi mwili mzima, tafuta msaada wa hospitali mara moja.

Maji nayo yana kipimo. Uchunguzi wa wakimbiaji 488 wa Boston Marathon ya mwaka 2002 ulikuta asilimia 13 wana chumvi pungufu kwenye damu, hasa kwa kunywa maji kupita kiasi, hadi wengine wakamaliza mbio wakiwa wazito kuliko walipoanza. Hali hiyo inaweza kuua. Kwa mkimbiaji wa kawaida, kiu ni kiongozi mzuri.

Nikiacha kwa muda, napoteza kila kitu?

Vya haraka kuja ni vya haraka kuondoka. Mwaka 1984 mtafiti Edward Coyle na wenzake walifuatilia watu 7 wenye mazoezi ya muda mrefu walioacha kabisa. Baada ya siku 21 uwezo wao wa juu wa kutumia oksijeni ulishuka kwa asilimia 7, na baada ya siku 56 kwa asilimia 16. Ulioshuka upesi ni wingi wa damu inayotolewa na kila pigo. Kapilari za misuli zilibaki pale pale, na walibaki juu ya watu ambao hawajawahi kufanya mazoezi.

Kulala kabisa ni kubaya zaidi. Mwaka 1966 huko Dallas, vijana watano wa miaka 20 walilazwa kitandani wiki tatu. Uwezo wao ulishuka kwa zaidi ya robo. Walipopimwa tena miaka 30 baadaye, ilionekana wiki zile tatu ziliwashusha kuliko miongo yote mitatu ya kuzeeka. Na miezi sita ya mazoezi iliwarudishia uwezo walioupoteza kwa umri.

Kwa hiyo katika Ramadhani, msimu wa kilimo au kipindi cha mitihani, usiache kabisa. Siku mbili kwa wiki, zenye dakika chache za kasi, hulinda sehemu kubwa ya ulichojenga. Ukirudi, pumzi itarejea kwanza kama kawaida yake, nawe usiifuate.

Mbona mwenzangu tulianza pamoja na ameniacha?

Miili hailingani. Utafiti wa HERITAGE wa Marekani na Kanada uliwapa watu wasiokuwa na mazoezi programu moja ya wiki 20. Kwa uwezo wa kutumia oksijeni, wapo waliopanda sana, wapo waliokaribia kubaki walipokuwa, na ndugu wa familia moja walifanana. Lakini uwezo wa oksijeni si faida pekee. Shinikizo la damu, sukari, usingizi na nguvu za miguu huweza kuboreka hata kama saa haionyeshi kasi mpya. Jilinganishe na mwezi wako uliopita.

Kiasi gani kinatosha kwa afya, na lini nimwone daktari?

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, kama kutembea kwa kasi, au 75 hadi 150 za mazoezi makali, pamoja na mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi. Aliye chini ya hapo atanufaika hata na dakika kumi za mwanzo.

Zungumza na mhudumu wa afya kabla ya kuanza mazoezi makali kama una shinikizo la damu, kisukari, ugonjwa wa moyo, ujauzito, au ndugu wa karibu aliyefariki ghafla akiwa kijana. Mwenye selimundu apate ushauri wa kliniki yake, na anayebeba kinasaba chake aongeze kazi taratibu, anywe maji, na asilazimishwe mbio za ghafla kwenye joto. Ukiwa na homa, pima malaria, usikimbie ili itoke kwa jasho.

Simama papo hapo na utafute matibabu ukihisi kifua kubana, maumivu yanayokwenda bega au taya, moyo kupiga bila mpangilio, au ukizirai katikati ya mazoezi. Kwa mengine yote, andika kwenye daftari dakika ulizokimbia na mahali palipouma. Ukurasa wa wiki nne zilizopita utakuonyesha vizuri kuliko pumzi ya leo kama mguu uko tayari kuongezewa.